Kwa unayeanza kuchunguza viumbe wa udongo

Wengi wanaoanza kazi hii hufika na swali moja: je, kilimo kinapunguza viumbe wadogo wa udongo? Wanachimba msituni, wanachimba kwenye mahindi, wanahesabu, na jibu linakuwa lile lile walilokuja nalo kutoka nyumbani. Hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako msitu na shamba vinapakana, kishawishi hicho ni kikubwa. Nakushauri uulize swali dogo zaidi. Mkulima hufanya mengi: anafyeka, anachoma, analima kwa jembe, anapalilia, anapiga dawa, na akishavuna mbuzi wanaingia kula mabua. Ni lipi kati ya hayo lililomwondoa nani?

Maana viumbe hawa hawaumii kwa namna moja. Jembe huwaumiza zaidi wakubwa, kama nyungunyungu na jongoo, kwa kuwakata na kubomoa njia zao. Moto huwanyima majani ya kula na ya kujifunika. Kolembola, wale wadogo wanaoruka ukiwagusa, wengi wana ngozi laini na hukauka upesi udongo ukiachwa wazi; na uso wa udongo mtupu, mchana wa kiangazi, unaweza kupita nyuzi 40. Utitiri wa kundi la oribatida wana gamba gumu, kwa hiyo ukavu wanauvumilia kiasi, ila huzaa polepole. Wakipukutika msimu huu, usitegemee kuwaona wamejaa msimu ujao. Nematodi, minyoo wadogo sana wasioonekana kwa macho, wale wanaokula bakteria nao mara nyingi huongezeka baada ya kulima, kwa sababu mabaki yaliyofukiwa huoza haraka na bakteria hufurika. Sasa ukiwajumlisha wote hao katika namba moja, umebaki na nini cha kusema?

Kabla ya kuchimba, kaa na mwenye shamba. Nasema kaa, usimsalimie ukiwa umesimama na jembe mkononi. Kijana mmoja tuliyekuwa naye alikuta shimo moja limejaa jongoo na nyungunyungu, wakati mashimo mengine ya shamba hilo hayakuwa na kitu. Akataka kulifuta kwenye daftari, eti limeharibu wastani. Mama mwenye shamba alikuwa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo mama. Samahani, pale pembeni pana nini?"

"Marahaba mwanangu. Pale si ndipo lilipokuwa zizi la mbuzi, kabla mzee hajalihamishia kule juu."

Zizi lilikuwa limeondoka zamani, ila samadi yake ilikuwa bado inalisha watu wake. Kwa hiyo andika: lini palikuwa msitu, mara ya mwisho kuchomwa, dawa gani ilipigwa, zizi au jalala lilikuwa wapi, mti gani uling'olewa. Kwangu mimi ukurasa huo una thamani kuliko darubini mpya.

Mambo ya tabianchi nayo yanaingia hapa, hasa kwa mlango wa mvua. Mwongozo wa TSBF, mpango wa utafiti wa biolojia na rutuba ya udongo wa nchi za joto, unaofuatwa na wengi huko, unataka kipande cha udongo cha sentimita 25 kwa 25, kina cha sentimita 30, kichimbwe mvua zikielekea mwisho. Ukifuata kalenda ya ukutani badala ya mvua yenyewe, masika ikichelewa au ikikatika mapema utapima ukame na kuuita kilimo. Chimba msitu na shamba katika juma moja, pima unyevu wa kila sampuli, na uulize mvua ya mwisho ilinyesha lini. Kumbuka pia kwamba wengine hujificha tu. Nyungunyungu hushuka chini na kujikunja kama kifundo wakisubiri mvua. Ukiishia sentimita 10 utaandika hawapo. Nematodi wapo wanaojikunja na kukauka bila kufa, kisha huamka wakipata maji. Faneli ya Baermann huwatoa kwenye udongo kwa kuulowesha maji, kwa hiyo hesabu ya kiangazi ina waliokuwa wamelala shambani. Usiseme walikuwa kazini.

Maabara nitapita haraka. Faneli ya Tullgren hufanya kazi kwa joto la balbu juu ya udongo: viumbe hukimbia ukavu kuelekea chini na kudondokea kwenye spiriti. Taa hizi za kuokoa umeme hazitoi joto la kutosha, kwa hiyo tafuta balbu za zamani za waya, na usiziwashe kwa nguvu zote siku ya kwanza, udongo utaganda juu na wengi watafia ndani. Umeme ukikatika, andika saa. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.

Namba ikipanda, usishangilie mapema. Tangu enzi za DDT, ile dawa ya zamani ya kuua wadudu, ilishaonekana kwamba dawa inaweza kuwaua utitiri wawindaji kuliko kolembola wanaowindwa, kolembola wakaongezeka kwenye shamba lililopigwa sumu. Leo jambo hilo lina uzito, kwa sababu tangu kiwavijeshi vamizi aingie Afrika mwaka 2016 na Tanzania mwaka uliofuata, wakulima wengi wa mahindi wameanza kupiga dawa ambazo zamani hawakuzihitaji. Tenganisha wawindaji na wawindwa kwenye jedwali lako hata kama msimamizi anataka jumla.

La mwisho ni mchwa, maana hao ndio mkulima atakaokuuliza. Atakwambia matandazo mliyomshauri aweke yameleta mchwa. Usimbishie. Mchwa wanayafuata kweli, na matundu yao husaidia maji kuzama. Lakini pia uliza mahindi yaliyoangushwa yako upande gani, penye matandazo au pale palipofagiliwa pakawa peupe, kwa sababu mchwa akikosa majani makavu hugeukia shina lililosimama. Nendeni mkaangalie pamoja, mhesabu mashina yaliyolala kila upande, kabla mtu hajaenda dukani kununua dawa.