Daftari la Mlangoni na Majarida ya Kabla ya Korona: Shangazi Anajibu

Mwezi uliopita niliandika kuhusu kumwona kaunsela kwa mara ya kwanza, nikadhani mtaniuliza habari za kaunsela. Kumbe kinachowasumbua ni kile chumba cha nje, penye viti vya plastiki, mnamokaa mkingoja kuitwa. Haya basi. Kabla ya kustaafu uuguzi nilikaa miaka mingi upande wa pili wa meza ya mapokezi, na chumba hicho nakifahamu kuliko sebule yangu hapa Bombo.

SWALI: Shangazi, pale ninapokwenda kumwona kaunsela majarida yote ni ya kabla ya korona. Tunalipa pesa nzuri. Kwa nini hawanunui mapya? – Mteja, Kampala

JIBU: Wananunua. Mnabeba.

Si maneno yangu. Mwaka 2014 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi wa madaktari wa Auckland, New Zealand, waliochoshwa na lalamiko kama hilo lako. Waliweka majarida 87 kwenye chumba cha kungojea, wakawa wanahesabu. Baada ya siku 31, majarida 41 yalikuwa yameota miguu. Ya umbea, yale yenye mastaa kwenye jalada, yalikuwa 27 na likabaki moja tu. The Economist na Time jumla yalikuwa 19, na yote 19 yalikutwa pale pale. Kwa hiyo ukiona mezani pana siasa za dunia na uchumi wa miaka sita nyuma, usimwite mwenye kliniki mchoyo. Unatazama mabaki ya karamu.

Na hapa kwetu gazeti lina kazi nyingi kuliko kusomwa. Bukedde nilikuwa naliweka mezani saa mbili asubuhi. Ikifika saa nne ukurasa wa michezo umeondoka na mtu, wa katikati umefungiwa chapati, na kilichobaki ni matangazo ya zabuni.

Hapo hapo niwaonye wenye kliniki, ingawa hawakuniuliza. Gazeti mnalolitandaza mezani lipitieni kwanza. Yako magazeti yanayopenda picha ya ajali ukurasa wa mbele, damu na viatu vimetapakaa barabarani. Yule mama wa kiti cha tatu amekuja kwa sababu ya ajali kama hiyo. Nilimwona mmoja akiligeuza gazeti kifudifudi, akaweka mkoba juu yake, kisha akaushikilia ule mkoba kwa mikono miwili mpaka alipoitwa.

SWALI: Nifike mapema kiasi gani? – Wengi, kutoka kila mahali

JIBU: Dakika kumi. Niliandika hivyo Januari, nikaandika tena Machi. Anayetoka Mukono auhesabu msongamano wa Bweyogerere kabla hajaondoka nyumbani.

SWALI: Juzi nilipoingia nilimkuta mwalimu wa mwanangu amekaa. Nikajificha nyuma ya gazeti, naye akajificha nyuma ya simu. Tulikaa hivyo nusu saa nzima. Nilikosea? – Mama wa watatu, Jinja

JIBU: Hukukosea, mlijichosha tu. Gazeti likiinuliwa mpaka kwenye paji la uso halimfichi mtu, linamtangaza. Salimia. Kwetu mtu hapitwi bila salamu, na huko Jinja salamu zenu zina magoti na zina urefu wake, lakini kwenye chumba hiki zifupishe: habari za leo, nzuri, basi. Usimuulize amefuata nini. Usimuulize mtihani wa mtoto. Mkikutana shuleni Jumatatu, hamjaonana tangu kikao cha wazazi.

Woga wenu najua ulikotoka. Watu wa umri wangu tulilisikia neno kaunsela wakati wa ukimwi. TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi, ilianzishwa 1987, na siku zile mtu akionekana tu kwenye benchi la ushauri, mtaa ulikuwa umeshamzika. Upande wa akili ni hivyo hivyo. Butabika imekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili tangu 1955, lakini mjini watu wanalitumia jina lake kama tusi mpaka leo.

Lakini tuache gazeti na simu, maana hatari haiko huko. Unajua ni kitabu gani kinachosomwa kuliko vyote katika chumba cha kungojea? Daftari la wageni. Lile kubwa la jalada gumu, limefunguliwa mezani, kalamu imefungwa kwa uzi. Safu ya kwanza jina, ya pili namba ya simu, ya tatu unakotoka, ya nne sababu ya kuja. Aliyekuja saa tatu ameandika "ndoa". Wa saa nne ameandika "kukosa usingizi". Wa saa tano hana haraka ya kuandika. Anajifanya anatafuta miwani, huku kidole kinapanda mstari kwa mstari. Nimewaona kwa macho yangu, na baadhi yao ni watumishi wa Mungu.

Tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha tangu 2019, na hali ya afya ya mtu imo kwenye kundi la taarifa zinazopaswa kulindwa zaidi. Halafu kliniki inaziacha wazi mezani, feni ikizipekua. Ukipewa ile kalamu, andika jina lako la kwanza, na kwenye sababu andika "miadi". Dada wa mapokezi akinuna, mwambie Shangazi ndiye aliyesema. Na nyie wenye kliniki, karatasi moja kwa kila mtu, igeuzwe, iingie kwenye droo. Bei yake haifiki bei ya lile daftari.

SWALI: Ukutani pana televisheni, filamu za kusimuliwa na VJ, sauti juu. Kichwa kinaniuma kabla sijaitwa. Niombe wazime? – Kijana, Mbarara

JIBU: Omba wapunguze, usiombe wazime. Vyumba vingi vya ushauri vimegawanywa kwa mbao nyembamba, na pakinyamaza kabisa, kilio cha aliye ndani kinafika mpaka kwenye viti. Kelele kidogo inamsitiri. Ila VJ si kelele kidogo, yule bwana anaisimulia hata risasi. Redio ndogo inatosha, au feni yenye mlio, na iwekwe nje ya mlango wa kaunsela. Ndani itawasumbua wanaozungumza. Nje itawaziba masikio wanaosikiliza.

SWALI: Kwa nini wasiweke omweso, ule mchezo wetu wa bao? – Mzee, Masaka

JIBU: Mzee wangu, mashimo 32 na kete 64 ni dawa nzuri ya mawazo, sikatai. Lakini omweso unachezwa na wawili na kushauriwa na sita, kila mmoja bingwa wa kijiji chake. Uwekwe nje, chini ya mwembe.

SWALI: Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, naishi Nsambya. Mama Shangazi, kule kwa kaunsela kila cha kusoma ni Kiingereza au Kiganda. Nakaa naangalia sakafu tu. – Mama, Kampala

JIBU: Dada yangu, hapa umenigusa pabaya. Katiba yetu ilirekebishwa 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe lazima, msingi na sekondari. Sasa nenda kwenye meza ya kliniki yoyote ya Kampala utafute karatasi moja ya Kiswahili. Utapata neno "karibu" mlangoni, ukibahatika. Wanajeshi, wakimbizi wa Nakivale, Wanubi wenzangu wa hapa Bombo, wafanyabiashara wa Busia, wote hao wanaumwa kama watu wengine, na kwenye ile meza hawapo.

Usidhani ni habari ya kupitisha muda tu. Watafiti waliokwenda Masaka na Rakai, kabla ya jaribio la 2002 la kutibu sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kwa vikundi katika vijiji 30, hawakuwapelekea watu jina la ugonjwa kutoka vitabuni. Waliwauliza wenyeji mnauitaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: okwekyawa, mtu kujichukia, na okwekubagiza, mtu kujisikitikia. Kazi ikajengwa hapo. Mtu huumwa kwa lugha yake. Akikaa nusu saa anang'ang'ana na lugha ya wengine, akiingia ndani ataanza kujieleza kwa lugha hiyo hiyo, na nusu ya maumivu ataiacha kwenye kiti.

Kwa hiyo njoo na chako, na kiwe kifupi. Mashairi yanafaa sana: beti nne unazimaliza, unazirudia, jina lako likiitwa hujaachwa njiani. Hadithi fupi pia. Chemshabongo, kama unayo. Riwaya ya upelelezi iache nyumbani, utakaa mbele ya kaunsela ukimuwaza muuaji. Wala simu usiniambie ndiyo kitabu chako. Unaifungua usome aya moja, unakutana na ujumbe wa shemeji anayedai pesa yake, na kaunsela anampokea shemeji badala yako. Kitabu ukikimaliza, andika ndani "kwa anayengoja", ukiache pale mezani. Kikiibwa, kimeibwa na msomaji wa Kiswahili, na hao tunawahitaji.

SWALI: Nisome vitabu vya saikolojia nikingoja, ili nimwelewe kaunsela? – Mwanafunzi, Makerere

JIBU: Hapana. Huendi kufanya mtihani.

SWALI: Tunapewa karatasi ya maswali tisa tuijaze pale nje. Nijaze upesi au nifikirie? – Fundi, Mbale

JIBU: Hiyo inaitwa PHQ-9, kipimo cha sonona, na watu wanaijaza kama fomu ya kusajili laini: vema, vema, vema, mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Isome. Inauliza wiki mbili zilizopita, haiulizi asubuhi ya leo ulipogombana na kondakta. Kila swali lina sifuri mpaka tatu, jumla ya juu kabisa ni 27, na kaunsela ataangalia jumla hiyo ikipanda au ikishuka kila unapokuja. Ukidanganya mara ya kwanza, mizani yote imeharibika.

Lile jarida kuukuu mnalolidharau, hapa lina kazi: liweke magotini, karatasi juu yake, kiti kigeuze kidogo. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujiumiza. Usiliruke kwa sababu jirani anachungulia. Na kama jibu lake ni ndiyo na leo yamekuzidi, zamu isikuzuie. Inuka, mwambie wa mapokezi unataka kuonwa sasa hivi. Hakuna foleni inayolingana na hilo.

Asiyejua kusoma au asiyejua Kiingereza aombe kusomewa ndani, mlango umefungwa. Nimewahi kusikia mtu wa mapokezi akiyasoma maswali yale kwa sauti ya kuita abiria wa Gulu.

SWALI: Naweza kumwacha mtoto wa miaka minne pale nje nikiingia? – Mama, Entebbe

JIBU: Pamoja na mtu mzima wenu, ndiyo, na kalamu za rangi. Dada wa mapokezi si yaya.

SWALI: Meza imejaa vijitabu vya kanisa. Mimi ni Mwislamu. Ni haki? – Ndugu, Arua

JIBU: Biblia na Kurani zikikaa meza moja sioni ubaya, na anayetaka kusali akingoja asali. Ninachokipinga ni vile vikaratasi vinavyosema ukikosa usingizi una mapepo, na chini pana namba ya kutumia sadaka. Mtu amejikaza wiki tatu mpaka akafika kwa kaunsela, halafu anasoma hivyo dakika tano kabla ya kuingia! Kimoja nilikitupa mwenyewe. Mwenye kliniki alipouliza, nikamwambia kimepeperuka.

SWALI: Mimi ni kaunsela mpya, nimekodi chumba kimoja tu. Wateja wangoje kwenye veranda? – Lira

JIBU: Veranda yenye kivuli na viti viwili ni chumba tosha, mradi haitazamani na stendi ya boda. Tena usidharau mahali pa kungojea. Mwaka 1902 Freud, yule daktari aliyeanzisha tiba ya kuichambua nafsi kwa mazungumzo, kule Vienna, alipoanza kuwakusanya wenzake Jumatano jioni, waliketi katika chumba cha kungojea cha wagonjwa wake.

SWALI: Nikitoka ndani natetemeka. Naona haya kukaa tena pale watu wakiniangalia, kwa hiyo naruka boda hapo hapo. – Dada, Wandegeya

JIBU: Usipande. Aliyelia dakika hamsini hasikii honi, na wa boda hajui umetoka wapi. Rudi kwenye kiti, kaa dakika tano. Hao unaodhani wanakuangalia wanajiuliza wenyewe watatoka na uso gani. Chukua jarida lolote la zamani, usisome, tazama picha za harusi za watu ambao sasa wana watoto wa shule, mpaka mikono itulie. Maji yapo kwenye mtungi pale kona. Vikombe havipo, navyo mmebeba.