Shangazi, jimu ni anasa?

Barua za jimu zimezidi za mapenzi safari hii, sijui kuna nini huko. Nimechagua tano.

Shikamoo shangazi. Nikishalipa kodi na nauli, mshahara unabaki kiduchu. Jimu ni matumizi ya maana kweli?

Marahaba mwanangu. Ada ya mwezi peke yake haikuambii kitu. Igawanye kwa siku utakazokwenda, tena siku za kweli, si zile unazoziota ukiwa na raba mpya mguuni. Mwaka 2006 wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha uchunguzi wa wanachama zaidi ya 7,000 wa jimu tatu za Marekani. Waliojifunga kwa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walikuwa wakienda mara 4.3 tu kwa mwezi, kwa wastani. Kila safari ikawa inawagharimu zaidi ya dola 17, na mlangoni pale pale kulikuwa na kadi ya mara kumi ambayo ingewatoza dola 10 kwa safari! Hawakuwa wajinga. Walijikadiria kwa hamu ya siku ya kujiandikisha, na hamu ile haikai.

Kwa hiyo lipia kwa siku miezi miwili ya mwanzo, hata kama kila siku inauma kidogo, na uandike kila unapokwenda. Kama ada ya mwezi ni sawa na ya siku nane na wewe umekwenda mara sita, jibu unalo. Hesabu na nauli pia, na hicho kinywaji unachonunua ukitoka. Wengi hukisahau.

Pushapu za nyumbani zinaweza kunijaza kifua, au mpaka vyuma?

Zinaweza, mradi usiishie kwenye idadi uliyoizoea. Misuli hukua inapochoshwa, na uzito mdogo ukiurudia mpaka ukabakiza pushapu moja au mbili hivi kushindwa kabisa hujenga misuli karibu sawa na uzito mkubwa. Zikiwa rahisi, pandisha miguu kwenye kiti au vaa begi lenye vitabu. Kinachosumbua nyumbani ni mgongo, maana unahitaji kitu cha kuvuta: tafuta bomba imara la kuning'inia, na ulijaribu kwanza kabla hujaliamini. Miguu nayo huzoea skwati upesi. Ukitaka nguvu hasa, ya kuinua mzigo mzito, hapo vyuma havina mbadala na sitakudanganya.

Shangazi, nikilipa mwaka mzima napunguziwa sana. Nilipe?

Usilipe, labda uwe umeshakwenda miezi sita bila kukatika. Na kabla ya kusaini uliza mambo mawili: kujitoa kunataka taarifa ya siku ngapi, na je, ukiugua wanasimamisha ada? Mkataba unaojiendeleza wenyewe uogope.

Nina presha na daktari kaniambia nifanye mazoezi. Nina deni pia. Niache jimu nilipe deni?

Pole dada. Daktari alisema mazoezi, hakusema jimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku 2. Kutembea haraka nusu saa kwa siku tano kunakufikisha 150, bure. Haraka maana yake uweze kuongea lakini kuimba kukushinde. Huna nusu saa ya mfululizo? Vipande vifupi navyo vinahesabiwa siku hizi, hata ngazi za kazini. Simamisha uanachama, maliza deni. Vyuma vizito usivirudie kabla ya kumuuliza daktari wako, na ukinyanyua chochote usibane pumzi, kwani presha hupanda ghafla.

Nyumbani sifanyi chochote, nalala tu. Jimu ndiko pekee ninakojituma. Mume wangu anasema ni upotevu.

Unakwenda mara ngapi? Umeandika tatu kwa wiki. Basi si upotevu, na umwoneshe hesabu. Wapo watu ambao kile wanachonunua ni mahali pa kwenda na watu wa kuwauliza "jana ulikuwa wapi?", na hicho hakipatikani sebuleni penye kochi.

Ila iwe njiani. Mimi niliwahi kufuata jimu ya bei nafuu, mabasi mawili kutoka nyumbani. Nilikwenda mara tatu, na ya tatu nilikwenda kuchukua taulo langu.