Itazame pini kabla ya kutoa hela

Wiki hii mmeuliza: mtu mwenye shilingi laki moja achague vipi hedifoni zake za kwanza za kuchezea gemu? Mimi nasema aanzie kwenye pini, yaani kile kichwa cha waya unachochomeka kwenye kifaa, taa aachane nazo.

Ukizunguka madukani hapa Kampala, pale Mutaasa Kafeero kwa mfano, macho yanavutwa kwanza na zile zinazowakawaka. Nyingi zina nyaya mbili, wa USB na wa pini ya milimita 3.5, na mara nyingi ule wa USB kazi yake ni kuwasha taa tu. Afadhali hela hiyo iende kwenye maiki. Sasa shika pini. Ikiwa na pete tatu za plastiki, ina njia ya maiki, na utaichomeka kwenye simu yenye tundu, laptopu ya kisasa au padi ya mashine ya gemu ya PS4. Pete mbili ni za kusikiliza tu. Ukikuta pini mbili, kijani na pinki, hizo ni za kompyuta ya mezani. Kwenye simu utahitaji adapta.

Maandishi ya 7.1 kwenye boksi, yaani ahadi ya sauti inayokuzunguka pande zote, yasikubabaishe. Kushoto na kulia vinatosha kukuonyesha adui anatokea upande gani. Za Bluetooth za bei hiyo mimi nazikataa kabisa, maana sauti huchelewa, na PS4 na PS5 hazizipokei moja kwa moja.

Maiki ndiyo ya kujaribu kwa makini. Chomeka kwenye simu yako, simama mlangoni boda zikipita, jirekodi, kisha sikiliza. Wenzako kwenye timu watakusikia hivyohivyo. Muuzaji akikukatalia kujaribu, nenda duka la pili, tafadhali.

Halafu zivae kwa muda, na miwani yako kama unavaa. Sponji za ngozi bandia hutoa jasho kwa joto letu, baadaye hubanduka, vipande vyeusi vikabaki masikioni. Kitambaa hupitisha hewa. Uzito nao una maana: HyperX Cloud Stinger, iliyotoka 2016 kwa wenye bajeti ndogo, ina gramu 275, na maiki yake hujizima ukiinyanyua. Ukiipata iliyotumika lakini nzima, ichukue.

Wazazi, sauti iwe ya wastani: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto chini ya hapo.

Waya ukikatika karibu na pini, usizitupe. Fundi wa simu atachomelea pini mpya.