Mchezo wa Vita Mezani: Mauti Yawe Karibu, Yasiwe Kila Jumamosi

Katika mchezo wa kuigiza wa kijeshi, unaochezwa mezani kwa dadu huku kila mchezaji akiwa na mhusika wake, mwendeshaji (anayesimamia mchezo na kuwachezesha maadui) akitaka mapigano ya kweli, kitu cha kwanza anachokimbilia ni nguvu ya risasi. Bunduki iliyokuwa ikipunguza pointi 6 za uhai sasa inapunguza 12, basi kwake hiyo ndiyo vita. Matokeo yake ni mhusika aliyeandikwa kwa saa mbili kufa raundi ya kwanza, mchezaji kubaki akichezea simu, na Jumamosi ifuatayo kiti chake ni kitupu.

Piga hesabu kwanza. Tuseme adui anapata shabaha dadu mbili zikitoa 10 au zaidi, yaani mara 6 katika 36. Yaonekana kidogo. Lakini maadui wanne wakimlenga mtu mmoja, uwezekano wa kumpata angalau mara moja ni asilimia 52 kwa raundi moja, na kwa raundi tatu ni asilimia 89. Isitoshe, adui hupigana pambano moja akatoweka, ilhali mhusika hupigana yote. Ukimwekea hatari ya asilimia 5 ya kufa katika kila pambano, baada ya mapambano 20 nafasi yake ya kuwa hai ni asilimia 36 tu. Kwa hiyo amua mapema wangapi wafike mwisho: ukitaka nusu ya kikosi ibaki baada ya mapambano 10, hatari ya kila pambano isifike asilimia 7 kwa kila mtu.

Hofu ya vita inatoka wapi basi, kama watu hawafi hovyo? Inatoka kwenye risasi zinazokosa. Katika vita halisi risasi nyingi mno hazimpati mtu. Kazi yake ni kuwalaza wengine kifudifudi. Weka kanuni hii: risasi zikipita karibu, kila aliye eneo hilo atupe dadu mbili. Mzoefu anahitaji 7, kuruta 9. Akishindwa, analala nyuma ya kinga iliyo karibu, na raundi ifuatayo anaweza tu kutambaa, kujaza risasi, au kufyatua bila kulenga, ambapo 12 pekee ndiyo inayompata mtu. Rashasha ndiyo ipewe kazi hii. Ukiielekeza kwenye kichochoro cha Mji wa Kale wa Mombasa, kikosi kizima kimekwama, na mmoja atalazimika kuzunguka kwa uchochoro mwingine. Hapo wachezaji wenyewe wataanza kugawana kazi, huyu afyatue na yule asogee, hata kama hakuna aliyewafundisha.

Risasi zihesabiwe. Bunduki ya AK hufyatua kama risasi 600 kwa dakika, kwa hiyo magazini ya 30 huisha kwa sekunde tatu. Kama raundi yako ni sekunde 10, anayeshikilia kifyatulio amemaliza magazini kabla ya raundi kwisha. Mpe mfululizo wa risasi 3 hadi 5, na kila mtu awe na vipande vya karatasi vinavyosimamia magazini zake. Wengi huikwepa kanuni hii kwa kuona inachosha. Ni kweli ukihesabu risasi mojamoja. Ukihesabu magazini haichoshi.

Tofautisha pia kificho na kinga. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe huzuia risasi za bunduki. Mabati, makuti na mlango wa mbao mwembamba huficha tu. Mlango wa gari ni kificho. Kinga ni injini.

Risasi ikimpata mtu, tupa dadu moja: 1–3 ni jeraha dogo, punguza 1 kwa kila anachofanya; 4–5 ni baya, hapigani tena bali anaweza kujikokota; 6 ni mahututi. Kisha tupa mahali: 1–2 mguu, 3 mkono, 4–5 kiwiliwili, 6 kichwa. Mahututi wa kichwa pekee ndiye anayekufa papo hapo, mara 1 kati ya 36. Wa mguu au mkono anavuja damu, na mshipa mkubwa ukikatika mtu huweza kufa kwa dakika chache. Mpe raundi 18, sawa na dakika tatu. Mwenzake anahitaji raundi mbili na mikono miwili kukaza kitambaa kwa kijiti juu kidogo ya jeraha, upande wa moyo, na muda huo hafyatui. Kiwiliwili hakikazwi kwa kitambaa. Huyo anataka daktari wa upasuaji, na saa inakwenda.

Uzito wa kanuni hizi uko kwenye kubeba. Majeruhi mmoja hubebwa na wawili, kwa hiyo kikosi cha watano kimebaki na bunduki mbili. Ukimfanya apone kwa usingizi wa usiku mmoja, umeharibu kila kitu hapo juu. Jeraha baya lichukue wiki kadhaa, na kila mchezaji awe na mhusika wa akiba kwenye daftari.

Usisahau maradhi. Fort Jesus, ngome ya Mombasa, ilizingirwa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na maradhi yaliwamaliza watu ndani kuliko panga. Kutupa dadu mara moja kwa wiki kwa ajili ya maji wanayokunywa kunatosha. Watalalamika, hakuna anayetaka shujaa wake afe kwa kuhara, lakini wataanza kuchemsha maji.

Na adui naye ana roho. Novemba 1914 jeshi la Waingereza la watu kama 8,000 lilishuka Tanga, likashindwa na watetezi kama 1,000, likarudi melini na kuja Mombasa huku limeacha bunduki na risasi nyingi nyuma. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa Waingereza hawakufika 1,000. Mwendeshaji anayewapiganisha maadui hadi wa mwisho ndiye anayewaua wachezaji wake, maana anaongeza raundi. Kikosi cha adui kikipoteza mmoja kati ya wanne, kitupe dadu mbili: chini ya 8, kinaondoka.

Kabla ya kampeni, jaribu kanuni zako peke yako: sita kwa sita, mapambano matano, wahusika wasio na majina. Wakifa zaidi ya wawili wa upande mmoja kwa pambano, usiguse jedwali la majeraha. Ongeza kinga uwanjani, au uongeze kidogo umbali wa kuanzia kati ya pande mbili.