Barua kwa mwanangu: eti mama anapata nini kwenye vitabu vya sayari za kuzushwa

Mwanangu, baba,

Hujambo huko? Sisi wazima, upepo wa vumbi tu ndo umeanza, nafuta meza asubuhi mchana inaandikika tena. Swali lako la juzi nimelisoma, kwamba wenzako kazini walikucheka uliposema mama yako, mwalimu mstaafu wa jiografia, anasoma mavitabu ya wachawi na vyombo vya angani, na we mwenyewe unataka kujua napata nini humo na mtu akitaka kuanza aanze na kipi. Nakujibu kwa maandishi maana kwenye simu utaniambia "sawa mama" afu unakata.

Waambie kwanza hizo hadithi kwetu si ngeni. Shaaban Robert katoa Kusadikika 1951, nchi nzima inaelea angani, na hakuna aliyemwambia hayo mambo ya watoto. Humo mtu anaitwa Karama anashtakiwa kisa anataka watu wafundishwe sheria, basi anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku, wakarudi na maarifa yao na shukrani yake ikawa gereza. Tulikuwa chini ya Mwingereza enzi hizo, kwa hiyo unaelewa kwa nini nchi ilibidi ipelekwe juu kule. Ila nina lawama moja, watu wa Kusadikika sijui wanakula nini. Mahakamani wanaongea mpaka raha lakini jikoni hatuingii.

Na jibu langu liko hapo hapo. Mi dunia ya kubuni naipima kwa maji na chakula. Nani anachota, wapi, yakikauka wanafanyaje, nani analala njaa. Mwandishi akishajibu hayo basi aniletee joka, aniletee roboti, yote nitamwamini. Asipojibu hata aweke jua tatu angani sidanganyiki.

Ndo maana napenda Dune ya yule Mmarekani Frank Herbert, ya 1965. Sayari inaitwa Arrakis, jangwa tupu, wenyeji wake Fremen wanavaa nguo zinazonasa jasho na mkojo, vinachujwa wanakunywa tena, na mtu akifa maji ya mwili wake ni mali ya kabila. Kuna sehemu kiongozi wao Stilgar anaingia kikaoni kwa mtawala mgeni, anatema mate juu ya meza. Watu wa mtawala wanataka kumrukia, wanaona katukana. Mmoja wao aliyeishi na Fremen anawazuia, anamshukuru Stilgar kwa kuwapa maji ya mwili wake, na yeye anatema. Niliposoma pale nilicheka peke yangu kama kichaa. Mi nimekulia kijijini ambako kiangazi mnafukua mchanga wa korongo, mnakaa mnasubiri maji yajikusanye kidogo kidogo, unachota na kata yako huku foleni iko nyuma, na ukimwaga hata kwa bahati mbaya bibi hasemi kitu, anakuangalia tu. Herbert sijui alijulia wapi yale macho.

Sisemi kitabu chote kitamu, huko mbele yule kijana Paul, mtoto wa huyo mtawala mgeni, akianza kuota ota na kutabiri mi huwa nasinzia. Ila usikiache ukadhani ni hadithi ya shujaa, kwenye kitabu kinachofuata, cha 1969, unaona watu mabilioni wameshakufa kwa jina lake.

Sa kuna huyu Jules Verne, Mfaransa, huyu ananigawanya moyo. Mwaka 1863 katoa kitabu, kwa Kiingereza kinaitwa Five Weeks in a Balloon, cha Waingereza watatu wanaoruka na puto kutoka Zanzibar kuvuka Afrika yote. Wanafika Kazeh, ndo Tabora ya leo, na ukichora mstari kwenye ramani kutoka Zanzibar mpaka Tabora unapita kaskazini kidogo tu ya hapa Dodoma! Gesi kaipigia hesabu, uzito kauhesabu, maji kayahesabu, na jangwani yanapowaishia unaona kabisa midomo inavyokauka. Lakini watu wetu sasa. Hapo Kazeh eti wanaliona puto wanadhani ni mwezi umeshuka, mpaka mwezi wenyewe unachomoza ndo wanashtuka. Yaani watu wanaolima kwa kufuata msimu, wanaojua mwezi kuliko yeye aliyekaa Ufaransa anaandika habari za Tabora asiyowahi kuiona. Kisome, ila ukifika hapo kasirika kidogo kwa niaba yangu.

Tolkien, yule Mwingereza wa The Lord of the Rings, namheshimu, ana chakula cha kutosha na safari zake zinachosha miguu kweli, ila zile nyimbo naziruka na sioni aibu.

Wa kuanza naye ni Ursula Le Guin, kitabu chake cha Earthsea cha 1968. Ni kifupi na Kiingereza chake hakikusumbui. Kijana Ged, mweusi mwekundu hivi, sio wale wazungu wa kwenye filamu, anapelekwa kwa mchawi mkubwa Ogion ajifunze. Mvua inanyesha, na Ogion ana uwezo wa kuisukuma kwa maneno ikanyeshe kwingine, lakini anaiacha inyeshe, analala zake chini ya mti, na mwanafunzi wake anajikunyata vichakani analowa. Ged anakereka, anaona huu uchawi gani sasa. Baadaye akienda shule ya wachawi ndo anaambiwa mvua ukiivuta kisiwa hiki, kisiwa kingine kinaweza kupata ukame. Kwa mtu wa Ugogo, ambako zamani mtemi alidaiwa mvua na watu wake, hiyo si fantasia hata kidogo, hayo ni mambo ya utawala.

Kiko kwenye kabati la sebuleni, nitampa mdogo wako akija huko mwisho wa mwezi. Dune subiri kwanza, ni nene utaiacha njiani, na yangu nimeichorachora penseli pembeni sitaki uanze kusoma mawazo yangu kabla ya yako. Na ukimaliza nipigie tuongee, usinitumie kidole gumba.

Mama yako