Muulize Mkunga: "Mama mkwe ananikataza chanjo"

*Shikamoo Bi Mkunga. Nina mimba ya wiki 26, ya kwanza. Kliniki wameniambia nikirudi nitachomwa sindano ya pepopunda na kifaduro kwa pamoja. Mama mkwe hataki kusikia. Anasema yeye amezaa watoto sita bila sindano na wote wazima, tena amesikia zinafunga kizazi. Mume wangu amenyamaza. Nami naogopa nisije nikamdhuru mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nifanye nini? — Mimba ya Kwanza*

Marahaba, mwanangu. Hofu yako naielewa, nimeisikia kwa wajawazito wengi. Mtu akikubali sindano likatokea la kutokea, atajilaumu maisha yake yote. Akikataa, anaona kama hakufanya kitu. Lakini kukataa nako ni kuamua, na atakayebeba matokeo ni mtoto.

Nianze na kifaduro, maana watu hukichukulia kama kikohozi cha kawaida. Kwa mtoto mkubwa ni kukohoa wiki nyingi. Kwa kichanga wa mwezi mmoja ni jambo jingine kabisa: pengine hata hakohoi, anabadilika rangi midomo na kuacha kupumua. Chanjo yake mwenyewe huanza akiwa na wiki 6 au miezi 2, kutegemea nchi, na dozi moja haimtoshi. Kabla ya hapo anategemea kinga aliyotoka nayo tumboni. Ukichanjwa, mwili wako unatengeneza kinga kwa muda wa wiki mbili hivi, nayo inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Ndiyo maana wamekuita sasa. Marekani wanachanja kati ya wiki ya 27 na ya 36. Uingereza walianza mwaka 2012, baada ya kifaduro kulipuka na kuua vichanga, na siku hizi wanaruhusu kuanzia wiki ya 16. Mimba ijayo utaambiwa uchanjwe tena. Usishangae, kinga hii hupungua upesi.

Pepopunda ndiyo inayoniuma zaidi. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na kwa kichanga huingilia kitovuni. Mtoto ananyonya vizuri siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya tatu taya zinaanza kukaza, ziwa halishiki tena, mwili unakakamaa kila akiguswa. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vichanga wapatao 787,000 walikufa kwa ugonjwa huu. Kufikia 2018 makadirio yalishuka hadi 25,000 hivi, kwa sababu akina mama walichanjwa na vitovu vikakatwa kwa vifaa safi. Ndani ya sindano hiyo hamna kijidudu hai. Kuna sumu yake iliyoondolewa makali, mwili ujifunze kuitambua.

Na hilo la kufunga kizazi? Si kweli. Mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni hupangiwa dozi tano, na mara nyingi huzikamilisha mimba moja hadi nyingine. Kama sindano ya kwanza ingefunga kizazi, hizo nyingine zingemkuta nani mjamzito?

Mama mkwe usigombane naye. Anasema kweli kuhusu watoto wake sita. Mwombe akusindikize kliniki, na mkiwa njiani mwulize kwa heshima kama katika wenzake aliozaa nao miaka ile hakuna aliyezika mtoto wa siku saba aliyekakamaa. Mumeo naye aje, asikie kwa masikio yake. Kunyamaza kwake kumekuachia mzigo peke yako, na mtoto ni wenu wawili.

Ukifika, taja kama uliwahi kuchomwa sindano ukavimba uso au kubanwa pumzi, maana hapo ndipo kuna sababu ya kweli ya kusita. Ukitoka, mkono utauma siku moja au mbili, pengine na homa kidogo. Parasetamo inatosha, ibuprofeni usiiguse bila daktari.

Zipo chanjo ambazo hata mimi ningekuambia usubiri: zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na rubela (ugonjwa wa upele unaoweza kumlemaza mtoto aliye tumboni), na ya tetekuwanga. Hizo huchomwa kabla ya kushika mimba, na baada ya sindano unangoja angalau mwezi mmoja ndipo ushike mimba, au huchomwa ukishajifungua. Aliyechomwa ya rubela bila kujua kwamba ana mimba asikimbilie kuitoa. Wanawake wengi waliopatwa na hilo wamefuatiliwa, na watoto wao hawakuzaliwa na ulemavu wa rubela. Ya mafua makali ya sindano inafaa mwezi wowote wa mimba. Ya kupuliza puani ndiyo hapana, hiyo ina virusi hai. Na ukiumwa na mbwa, mjamzito au unanyonyesha, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi na uende ukachanjwe siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa hakingoji ujifungue.

*Bi Mkunga, mwanangu ana miezi minne na ananyonya tu. Sijawahi kuchanjwa rubela, na karibuni nasafiri kwenda nchi inayodai cheti cha homa ya manjano. Je, nimwachishe ziwa? — Mama wa Miezi Minne*

Usimwachishe, dada. Chanjo karibu zote zinakwenda sawa na kunyonyesha, na ya rubela ni mojawapo. Ichukue kabla ya mimba nyingine.

Ya homa ya manjano ndiyo ya kufikiria. Wamewahi kupatikana vichanga wachache, wa wiki chache tu, waliopata maambukizi yaliyovimbisha ubongo baada ya mama anayenyonyesha kuchanjwa; wa kwanza kuthibitishwa alikuwa Brazili, 2009. Kwa hiyo wataalamu husita mtoto akiwa chini ya miezi 6, wengine hata 9. Kama safari inaweza kusogezwa, isogeze. Kama huko uendako ugonjwa haupo na shida ni karatasi tu, mwombe daktari barua ya msamaha wa kiafya, na uulize mapema ubalozini kama wataipokea. Kama ugonjwa upo kweli na lazima uende, hatari ya kuugua ni kubwa kuliko ya chanjo, nawe utachanjwa baada ya kuzungumza na daktari. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Mwambie pia kuhusu ya rubela, akupangie zote mbili: kama hazikuchomwa siku moja, hutenganishwa kwa wiki 4.

Mtoto mwenyewe kwa umri huo hachanjwi ya homa ya manjano. Ukienda naye, chandarua kiwe juu yake hata anapolala mchana, maana mbu wa homa ya manjano huuma jua likiwaka.