Maswali ya Wasomaji: Frodo Amekwenda Wapi?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nilimaliza juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien, kwa siku nne, kisha nikaazima ya pili, The Two Towers, nikiwa na hamu ya kujua yaliyompata mhusika mkuu, Frodo, na ile Pete ya hatari anayopaswa kuiangamiza. Nimesoma zaidi ya kurasa mia moja na Frodo hajatokea. Je, nakala niliyoazima ina kasoro, au mwandishi alimsahau mhusika wake?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, nakala yako ni nzima. Juzuu hiyo ina sehemu mbili ambazo mwandishi mwenyewe aliziita vitabu, yaani Kitabu cha Tatu chenye sura 11 na Kitabu cha Nne chenye sura 10. Cha Tatu kinawafuata shujaa Aragorn na wenzake upande wa magharibi. Frodo, mtumishi wake Sam na Gollum anayewaongoza njia wanangoja hadi Cha Nne, na wakishaingia, wale wengine nao wanatoweka.

Mpangilio huu unaeleweka zaidi ukijua kwamba Tolkien hakuandika trilojia. Aliandika hadithi moja ndefu yenye vitabu sita, na wachapishaji wake wa London, George Allen & Unwin, ndio walioigawa katika juzuu tatu, kwa kuwa gharama za uchapishaji baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa kubwa na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba kazi ya namna hiyo ingenunuliwa. Juzuu ya kwanza ilitoka Julai 1954, ya pili Novemba mwaka huohuo, na ya tatu Oktoba 1955. Kwa hiyo unachokiona kama kitabu cha katikati ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye kitambaa kimoja, na ndiyo maana hakina mwanzo wa kumkaribisha mgeni wala mwisho wa kumuaga.

Hata hivyo, kumwondoa Frodo kwa muda mrefu hivyo hakukutokana na mkasi wa mchapishaji. Huo ni uamuzi wa mwandishi, nami nauona kuwa uamuzi bora kuliko yote katika juzuu hii. Aragorn hajui kama Mbeba Pete, yaani Frodo, yu hai. Kwa kuwa msimulizi hakupeleki kwa Frodo, wewe pia hujui, na unalazimika kuingia vitani pamoja na Aragorn ukiwa na mashaka yaleyale. Laiti tungerukaruka kila sura kutoka upande mmoja hadi mwingine, tungekuwa na habari nyingi kuliko wahusika wote, na taharuki ingepungua.

Utakapofika Kitabu cha Nne, utagundua kwamba saa imerudishwa nyuma: Frodo anaonekana akihangaika kushuka katika vilima vya Emyn Muil siku chache kabla ya vita vya ngome ya Helm's Deep ulivyokwisha kuvisoma. Isome polepole sura ya tatu, ile ya Lango Jeusi. Humo msimulizi anadokeza, kwa sentensi chache tu, kwamba wakati Frodo anatafakari njia ya kuingia Mordor, nchi ya adui mkuu Sauron, mchawi Gandalf alikuwa mbali sana, kwenye ngazi za mnara wa Orthanc, akizungumza na mchawi msaliti Saruman huku fikra zake zikiwatafuta Frodo na Sam. Hapo ndipo nyuzi mbili zinagusana kidogo, kisha zinaachana. Msomaji mwenye haraka hupita bila kuona.

SWALI: Minara miwili inayotajwa katika jina la juzuu hii, The Two Towers, ni ipi? Filamu inasema hivi, rafiki yangu aliyesoma kitabu anasema vingine.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mna haki nyote wawili, na mwandishi angewachanganya zaidi. Filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2002 inataja Orthanc, mnara wa Saruman, na Barad-dûr, ngome ya Sauron. Maelezo yaliyo mwishoni mwa juzuu ya kwanza yanataja Orthanc na ngome ya Minas Morgul. Lakini katika barua aliyomwandikia mchapishaji wake mwanzoni mwa 1954, Tolkien alisema kwamba hakuridhika na jina hilo, na kwamba kama lina maana yoyote basi liwe ni Orthanc na mnara wa Cirith Ungol. Jina lilitafutwa kwa sababu juzuu ilihitaji jina.

SWALI: Ninaandika riwaya ya kifantasia ya juzuu tatu kwa Kiswahili. Ya pili imelegea. Kila anayeisoma anasema ni daraja tu. Nifanyeje?
Mwandishi chipukizi, Nairobi

JIBU: (Msomaji wetu wa Dodoma aliruke jibu hili mpaka amalize kitabu.) Tazama kwanza Saruman katika The Two Towers. Vita yake inapamba moto na kuvunjwa ndani ya juzuu hiyohiyo, hivyo msomaji anapata mgogoro uliofikia kilele chake, ingawa Sauron bado hajaguswa. Je, juzuu yako ya pili ina adui wake yenyewe, au inamngoja yule wa juzuu ya tatu?

Pili, acha nafasi ya mhusika asiyetarajiwa. Kitabu cha Nne kiliandikwa mwaka 1944, na sura zake zilitumwa kwa posta hadi Afrika Kusini, ambako Christopher, mwana wa Tolkien, alikuwa katika mafunzo ya jeshi la anga la Uingereza. Katika barua mojawapo baba anamweleza mwanawe kwamba nahodha Faramir amejitokeza mwenyewe msituni bila kupangwa. Mhusika huyo ndiye anayeipa safari ya Frodo pumzi katikati ya giza, na nadhani sehemu hiyo ingechosha bila yeye.

Kuhusu mwisho, Tolkien alithubutu kufunga juzuu wakati Sam, aliyedhani bwana wake amekwisha kufa, anagundua kuwa Frodo yu hai lakini ametekwa, na lango linafungwa mbele ya uso wake. Wasomaji wa kwanza walikaa na lango hilo lililofungwa kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu viambatisho vya juzuu ya tatu vilichelewa kukamilika. Nawe ukitaka kumalizia hivyo, usimkabidhi mchapishaji juzuu ya pili kabla ya kuwa na rasimu ya juzuu ya tatu mezani.